UZI: Nilianza Kifaransa nikiwa na miaka 36, chini ya lori, Mbalizi

Fundi wa Mbalizi

Wakuu, mwagonile. Wa Iringa na Njombe, kamwene.

Humu mimi ni msomaji wa kimya wa miaka mingi. Leo baridi la Mbeya limenifungia ndani na gereji haina kazi, nikasema ngoja niandike jambo ambalo haiishi wiki bila mtu kuniuliza: fundi, hiki Kifaransa ulikitoa wapi, na wewe si ulishapita umri?

Mimi ni fundi wa injini za malori, Mbalizi, pembeni ya barabara kuu ya kwenda Tunduma. Shule niliishia kidato cha nne, na Kiingereza nilipata F. Malori tunayotengeneza mengi ni ya Kongo: yanavuka Tunduma, yanakatiza Zambia, yanaingilia Kasumbalesa hadi Lubumbashi na Kolwezi. Madereva wa Lubumbashi Kiswahili wanacho, cha kwao, kitamu kabisa. Shida ilikuwa kwa tajiri mmoja mwenye malori sita. Yeye ni Kifaransa tu, ananitumia sauti WhatsApp, dereva ndiye mkalimani. Sasa dereva akitafsiri, bei inapanda njiani. Nilichosema laki tatu kule kinafika laki nne na nusu, halafu tajiri anaona fundi wa Mbalizi ni mwizi.

Nilipoligundua hilo nikaapa nitaongea naye mwenyewe. Ilikuwa Januari 2019. Nilikuwa na miaka 36, mke, watoto watatu na deni la mashine ya kuchomelea.

Miezi minne ya mwanzo niliipoteza. Nilinunua kamusi, nikafungua kaunta buku, nikawa nameza maneno kumi na tano kila usiku. Yalipofika kama mia sita nikajiona mwamba. Siku tajiri alipopiga simu sikuambulia kitu. Nilikuwa najua *il*, najua *y*, najua *a*, najua *pas*, najua *huile* ni oili. Lakini akitaka kusema hamna oili, mdomoni mwake kilitoka kitu kimoja: "yapadwil". Neno hilo kwenye kamusi halipo! Kule kwenye maandishi ni maneno saba yamejipanga kama wanafunzi mstarini, lakini mtu akiongea yanapanda bodaboda moja.

Hapo ndipo nikaacha daftari, nikaanza na sikio. Nilikuwa na sauti zake kama arobaini kwenye simu, na zote ni za kazi: klachi, gia boksi, breki, pesa imechelewa, Mungu atubariki. Nachukua kipande cha sekunde kumi tu. Nakisikiliza mara ishirini nikiwa nimelala chini ya gari. Halafu nakirudia pamoja naye, sauti juu ya sauti, kupanda kwake na kushuka kwake, hadi pumzi anapovuta. Utingo wangu alidhani nimeanza kunena kwa lugha.

Kipande kikishakaa mdomoni ndipo namtafuta mtu anifafanulie. Maana baadaye, sauti kwanza.

Nilipochoka na tajiri (ana sauti ya kukoroma) nikahamia RFI, redio ya Ufaransa. Wana taarifa ya habari ya kila siku kwa Kifaransa chepesi, dakika kumi tu, na unaweza kuisoma huku unasikiliza. Wa Kijerumani, Deutsche Welle wanazo habari zinazosomwa polepole. Bando la siku linatosha.

Naendelea, kuna lori limeingia.

Msemakweli wa Makambako

Mkuu simulizi nzuri ila tuambiane ukweli. Samaki mkunje angali mbichi. Ubongo wa mtu mzima umekauka. Mtoto wa miaka mitano mpeleke Ufaransa, miezi sita anapiga Kifaransa kama kazaliwa kule. Baba yake atakaa miaka kumi anasema *bonjour* tu.

Dada wa Kihesa

Nimeweka kambi hapa. Mimi ni muuguzi, nataka kwenda Ujerumani, niko na A1, mtihani wa ngazi ya kwanza ya Kijerumani, na imenikalia vibaya. Fundi rudi haraka.

Fundi wa Mbalizi

Nimerudi, ilikuwa nozeli tu.

Msemakweli, nusu ya uliyosema ni kweli. Umri una kazi yake. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya mtihani wa sarufi ya Kiingereza walioufanyisha kwenye intaneti kwa watu zaidi ya laki sita na nusu. Waliona uwezo wa kunasa sarufi unakaa juu mpaka miaka 17 hivi, kisha unaanza kushuka. Na lafudhi ndiyo ngumu zaidi: mimi nikisema *bonjour* mtu wa Kinshasa anajua huyu ni wa kutoka mbali, na nitazikwa nayo.

Ila kushuka na kukauka ni vitu viwili. Wanaofuatilia mambo haya wameona tena na tena kwamba miezi ya mwanzo mtu mzima anamwacha mtoto nyuma. Mtoto anakuja kumpita baadaye, na ni kwa sababu yupo ndani ya lugha kutwa nzima: shuleni, mpirani, kwenye ugomvi. Yule baba wa *bonjour* yuko Ufaransa kwa mwili, lakini anashinda na Waswahili wenzake, chakula cha Kiswahili, muziki wa Kiswahili. Mpe saa za mtoto wake ndipo umpime.

Tuhesabu saa basi. Wamarekani wana chuo cha kufundishia mabalozi wao lugha, na hesabu zao ziko wazi. Kwa mtu wa Kiingereza, Kifaransa kinataka kati ya saa 600 na 750 za darasani. Kiswahili chetu wamekiweka saa 900 hivi (tutambe kidogo). Kichina, Kijapani, Kiarabu na Kikorea ni 2200. Na hao ni watu wazima, wengi wana familia, na wanafuzu.

Sisi hatutokei kwenye Kiingereza, kwa hiyo usizichukue kama zilivyo. Lakini mimi nilikuwa na dakika 45 kwa siku. Zidisha kwa mwaka, ni saa 270 na kitu. Kwa hiyo nilipofika mwaka na nusu bado nagugumia sikukata tamaa, nilijua niko nusu ya safari. Anayekuuzia kozi ya Kifaransa fasaha kwa siku 30 anakuuzia hewa.

Mchele wa Kyela

Naomba nitie neno, mimi ni mama wa biashara, Tunduma.

Mnazungumzia mabalozi, mimi Kibemba nimejifunza nikiwa na miaka arobaini kasoro na sijawahi kushika kalamu. Nilikuwa navusha mchele Nakonde, upande wa Zambia. Mteja anakuja, "mulishani mukwai", nami namjibu vilevile. Anauliza "shinga?", najua anataka bei. Akishukuru, "natotela". Wiki ya kwanza nilikuwa na maneno hayo matatu na kucheka. Mwaka wa pili nilikuwa nagombana kwa Kibemba. Jamani ukishaweza kugombana kwa lugha ya watu, umefika.

Kuna jambo la ajabu: kule sokoni wenzetu namba wanazitaja kwa Kiingereza. Kiingereza kilichonishinda shuleni kikaingia chenyewe kwa kutaja kwacha.

Ila mnisaidie. Mbona Kibemba sikuona aibu hata siku moja, lakini Mzungu akisimama mbele yangu aniulize kitu kwa Kiingereza natafuta pa kujificha?

Mtoto wa Reli

Mama umenikumbusha mzee wangu. Reli ya TAZARA ilijengwa na Wachina 1970 hadi 1975, na yeye alikuwa kibarua kipande cha Mlimba kupanda Makambako, kule kwenye mahandaki na madaraja, mvua haikatiki. Mchina hajui Kiswahili, mzee hajui Kichina, wote hawana Kiingereza. Walianza na vidole. Anasema neno la kwanza kulishika ni *kuai kuai*, haraka haraka, kwa sababu alilisikia kutwa, na la pili ni *man man*, polepole, kwa sababu ndilo alilolitaka. Mpaka leo ana miaka zaidi ya sabini akichezea wajukuu anahesabu kwa Kichina hadi kumi, na akisikia Mchina wa kampuni ya barabara anaongea pale Makambako anageuza shingo.

Na ajira zilipokolea, kuna vijana wetu na wa Zambia walipelekwa Beijing mwaka 1972 kusomea reli. Watu wazima, kozi kwa Kichina. Walirudi wakaendesha reli.

Fundi wa Mbalizi

Mama wa Tunduma, swali lako ndilo limenifanya nifungue uzi.

Fikiria ukanda wetu huu. Bibi yangu kule Tukuyu alizaliwa na Kinyakyusa peke yake. Kiswahili alikipata akiwa mke wa mtu, kwenye soko na kanisani. Mnyiha anaoa kwa Wanyamwanga, Mkinga anateremka Mbeya kufungua duka, miaka miwili anaagana na wateja kwa Kisafwa. Hakuna aliyemwambia umri umepita. Sisi watu wa huku kujifunza lugha ukubwani ndiyo mila yetu, ila hatukuita kujifunza, tuliita kuishi.

Halafu inakuja lugha ya shule, tunageuka mabubu. Kwa nini? Nikwambie yangu. Shule niliyosoma ukikamatwa unaongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni. Nia ilikuwa tuongee Kiingereza. Tulichokifanya ni kunyamaza. Na mwenye ujasiri wa kujaribu, akikosea *he* na *she* darasa zima linaangua kicheko, mwalimu naye anacheka, na jioni bwenini ana jina jipya. Miaka minne ya namna hiyo, mtu anatoka na sarufi kichwani na kufuli mdomoni. Nakonde yule mteja alicheka ulipokosea, lakini alitaka mchele. Alikusubiri umalize sentensi. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona mimi: tafuta mtu anayehitaji kitu kutoka kwako, atakuvumilia.

Mimi nilikuwa na madereva. Shida yao wakiona unagugumia wanahamia Kiswahili, kwa huruma. Nikaweka sheria gerejini: kuanzia saa kumi jioni, anayenijibu Kiswahili analipa soda, na mimi nikitoka kwenye Kifaransa nalipa. Mwezi wa kwanza nililipa kreti mbili na nusu. Mke wangu anayo hesabu hiyo hadi leo.

Na ufasaha nilikuja kuuelewa siku moja nikiwa naongea na tajiri kuhusu gasketi ya silinda hedi. Kwa Kifaransa ni *joint de culasse*, nilikuwa nalijua, likapotea. Zamani ningekata simu nisingizie mtandao. Siku ile nikasema, *le papier entre la tête et le ventre du moteur*, yaani ile karatasi iliyo kati ya kichwa na tumbo la injini. Kimya kidogo. Halafu akacheka mpaka akakohoa, akasema sawa, nunua hiyo karatasi. Pale ndipo nilipojua naongea. Maneno hayakuwa yamekamilika na bado hayajakamilika. Ila likikosekana moja nina njia ya kulizunguka. Kiswahili chenyewe tunafanya hivyo kila siku, "lete nanihii, ile ya kufungulia nanihii".

Na mezeni mapema vile vijineno vya kujinunulia muda. Sisi tuna "yaani", "sasa", "unajua". Wao wana *donc*, *en fait*, *comment dire*. Ukinyamaza sekunde tatu mwenzako anadhani umekwama na anakurukia. Ukisema *comment dire* anasubiri.

Dada wa Kihesa

Fundi, umenigusa kwenye kibao. Sasa nisikilize mimi.

A1 ni alama 60 kati ya 100. Mimi nilipata 54. Kusoma nilifanya vizuri. Kilichoniangusha ni kuzungumza: mnakaa meza moja na watahiniwa wenzako, unajitambulisha, unauliza na kujibu kwa kadi za mada, halafu unapewa kadi yenye picha uombe kitu. Nikapata kadi, nikajua natakiwa kuomba, nikaanza kutafuta kichwani: kijiko ni *der*, *die* au *das*? Kijiko kwao ni mwanamume, *der Löffel*. Uma ni mwanamke, *die Gabel*. Kisu si huku wala kule, *das Messer*. Nani alikaa akaamua haya? Mpaka nakumbuka, dakika yangu imekwisha na jasho linanitoka kama nimetoka kupanda mwamba wa Gangilonga.

Na ili niende Ujerumani kama muuguzi wataniuliza B2, ngazi ya juu zaidi, mbele ya safari. Nina miaka 33. Mnanishauri nini?

Msemakweli wa Makambako

Dada pata ulanzi kikombe kimoja kabla ya mtihani, ulimi unalegea wenyewe.

Dada wa Kihesa

Ulanzi unalegeza ulimi kaka, *der die das* hauongezi.

Fundi wa Mbalizi

Hahaha, Msemakweli acha kumpotosha dada wa watu.

Dada, Kijerumani mimi sikijui, nitasema ninachokiona kutoka kwenye karakana yangu.

Kwanza hizo jinsia tatu zisikutishe. Sisi tunasema kiti kikubwa kimevunjika, mti mkubwa umeanguka, gari kubwa limeharibika, na kila kitu kinaitika kwa ngeli yake, na ngeli zetu zinapita kumi. Mjerumani akija kujifunza Kiswahili ndiye anayelia. Kitu ambacho hatuna ni kukariri jinsia pembeni, maana kwetu mara nyingi neno lenyewe linakuonyesha: ki-, m-, u-. Wao maneno mengi hayana alama ya kuaminika. Basi usiseme *Löffel* peke yake hata siku moja, hata ukiwa unaosha vyombo. Neno lako liwe *derlöffel*, limeungana, kama nilivyolimeza "yapadwil".

Pili, mtihani wako wa kuomba haukutaka jinsia, ulitaka ombi. Ungetoka na *Löffel, bitte* ungepata alama kidogo. Ulipokaa kimya ulipata sifuri. Usahihi wa sarufi fanyia nyumbani kwa kalamu, asubuhi kichwa kikiwa kipya. Mezani, toa kitu.

Tatu kadi. Mimi nilikata maboksi ya filta, upande mmoja nachora kitu au naandika hali ("tajiri anachelewesha hela"), upande wa pili sentensi nzima ya Kifaransa. Makopo matatu ya rangi: ninayokosea inakaa kopo la kila siku, nikiipata inahamia la kila siku tatu, nikiipata tena inakwenda la wiki. Ikikosewa inarudi mwanzo. Si uvumbuzi wangu, kuna mwandishi alieleza mpango huu miaka ya 1970, Leitner, na kabla yake Mjerumani mmoja, Ebbinghaus, alijipima mwenyewe na kuandika mwaka 1885 jinsi tunavyosahau: kwa kasi sana mwanzoni, kisha polepole. Kurudia kwa kuachia nafasi kunashinda kukesha usiku mmoja. Ila tofauti na enzi za kamusi yangu, kadi za leo nazisema kwa sauti. Kadi ya kusoma kimya ni kama kujifunza baiskeli kwa kuangalia picha.

Halafu wewe ni muuguzi na uko Iringa. Wageni wanaopitia mjini kwenda Ruaha wana Wajerumani ndani yao. Tafuta anayewatembeza, omba dakika kumi za kumsalimia mgeni na kumwonyesha soko. Watu wakiwa safarini wana muda, na hapo ni yeye anayehitaji msaada.

Mtoto wa Reli

Fundi, swali dogo. Kichina nacho? Huku Njombe parachichi zimeanza kutazama soko la China na kuna vijana wanataka kujifunza.

Fundi wa Mbalizi

Hapo nenda kwa mzee wako. Ninachojua Kichina sauti ikipanda au kushuka neno linabadilika maana, wana toni nne na moja hafifu. Kiswahili hakina hiyo, na Kinyakyusa changu pia hakina. Kihehe na Kibena vina toni, kwa hiyo huenda ninyi wa Njombe mna sikio la kuanzia, japo toni zao zina tabia yake. Na zile saa 2200 msizisahau. Aanze leo.

Msemakweli wa Makambako

Sawa fundi nimekuelewa, naondoa samaki wangu. Ila tuambie kweli bila kujipaka mafuta, sasa hivi Kifaransa chako kikoje?

Fundi wa Mbalizi

Kweli tupu: nafanya biashara, nabishana bei, nacheka utani wao kwa kuchelewa kidogo. Wakiwa Wakongo wawili wanaongea wenyewe kwa wenyewe napata kama nusu. Gazeti nalisoma. Barua ya benki sithubutu kuiandika.

Na kuna kitu kimoja kimenishinda kabisa. Wana *dessus*, juu, na *dessous*, chini. Ile "u" ya neno la kwanza unaweka mdomo kama unapiga mluzi halafu unasema "i". Kuisema naiweza. Kuisikia kwenye simu yenye upepo, bado. Mwaka wa pili lori lilikwama Vwawa, tajiri akanipigia: oili inavuja *en dessous*. Mimi nikasikia *au-dessus*. Nikabeba gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, nikapanda kosta, nikafika Vwawa nikamkuta dereva amekaa kwenye jiwe na sampu, lile beseni la oili chini ya injini, inatiririka kama bomba. Nikarudi Mbalizi na kosta nyingine kufuata gasketi ya sampu. Siku nzima, nauli mara nne, na dereva ananiangalia tu hasemi kitu.

Tangu siku ile nikisikia mojawapo ya maneno hayo namsimamisha, namuuliza, *patron, côté ciel ou côté goudron?* Bosi, upande wa mbingu au upande wa lami? Alicheka mara ya kwanza. Siku hizi anaanza yeye mwenyewe: "Fundi, kuna uvujaji. Upande wa lami."